Miguu ya Mama Juu ya Farasi

Mama yangu ni fundi cherehani, na miguu yake haijui kwamba kuna saa za kupumzika. Mikono ikishika kitu tu, miguu inaanza kazi. Akimenya viazi, inakanyaga. Akimsuka mtu nywele, inakanyaga. Ukimpa mtoto ampakate, kisigino kinashuka, vidole vinapanda, vidole vinashuka, kisigino kinapanda, na mtoto anatikisika mpaka anacheua. Siku moja kwenye benchi la zahanati alikuwa akitafuta kadi yake mkobani, na muda wote huo akawa anaukanyaga mguu wa mama aliyekaa karibu naye, kwa mwendo ule ule wa kupiga pindo, mpaka yule mama akahama benchi. Mwenyewe hana habari. Ukimwambia, anakujibu uache uzushi.

Baba yangu anatunza farasi. Yeye ana ugonjwa wake mwingine: hasemi. Nisimsingizie, anasema, lakini ana masharti. Jioni anarudi kutoka kazini, ananawa, anachukua kikombe chake cha chai na kukaa kwenye kiti kilicho nyuma ya mama. Mama anakuwa mbele ya cherehani yake ya miguu, uso dirishani. Cherehani ikikolea, baba anainamia kikombe na kuanza kuongea, kwa sauti ya chini, maneno yanaingia kwenye chai. Mama akisimamisha cherehani ili akate uzi, na baba naye anasimama.

"Umesema?" mama anauliza bila kugeuka.

"Hakuna."

Cherehani inaendelea, na baba naye anaendelea. Nimekulia ndani ya mazungumzo hayo. Sisi watoto tuliokuwa tunakaa sakafuni katikati yao ndio tulioambulia maneno: kwamba dari la chumbani linavuja, kwamba shangazi yetu anaumwa, kwamba ile blauzi ya bluu imemkaa mama vizuri. Tukiona habari ina maana, tunaipeleka. Habari ya blauzi hatukuwahi kuipeleka, kwa sababu tulikuwa watoto na tuliona haina maana.

Mtu akiniuliza baba huyu alioaje, namwambia aliokolewa na suruali. Mama alikuwa fundi mdogo kwenye duka la mwanamke mmoja mkali, na baba akaleta suruali ipunguzwe urefu. Akailipia, akaondoka, akairudisha ipunguzwe tena. Aliirudisha mara nyingi kiasi kwamba mwisho ilibaki kaptula. Ndipo yule mwenye duka akamwita mama pembeni na kumwuliza, "Hivi wewe unaamini huyu kijana ana shida na suruali?"

Basi. Watoto tukakua, tukatawanyika. Mimi wa mwisho niliolewa mji mwingine, nikajifungua mtoto wa kiume, likizo ikaisha, na siku ya kurudi kazini ilipokaribia nikampigia mama simu nikilia. Nilimwomba aje akae nasi, si kwa wiki mbili tatu, aje akae. Mume wangu alikuwa radhi, chumba kipo, dirisha kubwa lipo. Mama alikubali haraka mpaka nikashangaa. Nikamwuliza baba amesemaje.

"Amesema 'ukiona vyema'," mama akanijibu. Akavuta pumzi kwenye simu. "Eti, 'ukiona vyema'."

Nilisafiri na mtoto mgongoni kwenda kumchukua. Nilipoingia tu sebuleni nilijua mambo yamefika mbali, kwa sababu cherehani ilikuwa imefungwa. Ilisimama karibu na mlango, imeviringishwa blanketi, lile lile zuri nililowaletea zawadi, na kukazwa kamba kila upande. Pale dirishani palibaki alama nne za miguu yake kwenye sakafu. Ukoo mzima unaijua sheria ya mama: akisafiri bila cherehani, amekwenda kutembea, akisafiri na cherehani, amehama. Alipokwenda kumuuguza bibi hakuichukua, na alikaa huko mpaka mvi zikamwota. Safari hii alikuwa ameifunga kabla hata sijafika.

"Mama, kwani wewe na baba mmegombana?" nilimwuliza tukiwa jikoni.

"Tugombane kwa mdomo upi? Kugombana kunataka watu wawili wanaosema." Alikuwa anachambua mchele, na miguu yake chini ya meza ilikuwa kazini. "Mwanangu, mimi nakwenda kwa mume wangu mdogo." Akamwelekezea kidole mwanangu aliyekuwa kwenye mkeka akila kidole chake cha mguu. "Huyu hana hata jino, lakini nikimwita anaitika. Yule wako namwambia nahama, ananiambia ukiona vyema! Miaka yote hii! Sikuhitaji hotuba. Nilitaka aseme tu 'usiende'. Mara moja. Sisemi ningebaki. Nilitaka nisikie."

"Labda atasema."

"Gari ni Jumapili," mama akasema. "Mdomo anao."

Nami sikumtetea baba, maana nilikuwa na maslahi yangu. Nilimtaka mama. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu usingizi nitakaolala.

Lakini kuna jambo ambalo mama hakuliona, na mimi nililiona jioni ile ile. Alipoifunga cherehani alimfunga na baba. Mzee alirudi, akanawa, akachukua kikombe, akakaa kwenye kiti chake. Mbele yake hapakuwa na kitu ila dirisha. Akainamia chai. Akafungua mdomo. Nyumba ilikuwa imetulia kiasi cha kusikia jirani akikohoa. Baba akaufunga mdomo, akanywa chai yote bila kupumzika, akaenda kulala jua halijamaliza kuzama.

Ijumaa nilikuwa naosha vyombo, bomba limefunguliwa kwa nguvu, nikahisi mtu kando yangu. Alikuwa baba, anajifanya ananawa. Akayaongelesha maji.

"Kesho bosi anaanzisha yoga. Juu ya farasi. Wateja wanaogopa kuwa wa kwanza, kwa hiyo kila mfanyakazi alete mtu wake wa nyumbani ajaribu kwanza. Mwambie mama yako. Kama atapenda."

Nilifunga bomba ili nishike vizuri nilichokisikia.

"Umesema?" mama akauliza kutoka chumbani.

"Hakuna," baba akajibu, na kutoka nje.

Nilimpelekea mama habari ile nikitegemea kicheko. Akacheka kweli, mpaka akashika mbavu. "Yoga! Mimi kuinama kuokota sindano ni kazi, nikapige yoga, tena juu ya mnyama! Mnataka muanze kunililia kabla ya Jumapili?" Halafu nikaona wazo linapita usoni kwake. Tangu aolewe hakuwahi kukanyaga kazini kwa baba. Siku moja, miaka ya nyuma, dereva wa bosi alileta mzigo nyumbani akasema kwa furaha tu, kama mtu anayetoa sifa, kwamba mzee wa hapa ni mchangamfu mno, kutwa nzima anapiga soga na farasi. Mama alimshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni, na tangu siku hiyo neno farasi halikutajwa mbele yake bila yeye kubinua mdomo.

"Nitakwenda," akasema. "Kabla sijaondoka, nataka nimwone huyo anayepewa maneno yangu."

Tatizo lilikuwa nguo. Mama ameshona suruali za watu wasiohesabika lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuvaa hata moja, na cherehani ilikuwa ndani ya blanketi. Akachukua suruali ya baba ya kazini, akaibana kiuno na mapaja kwa sindano ya mkono, kabla ya chakula cha jioni ikawa tayari. Asubuhi baba alimwona nayo. Aliitazama ile suruali kwa muda, akaitambua, akafungua mdomo, kisha akaenda kutafuta viatu vyake.

Mazizi yenyewe ni safu moja ya vyumba vyenye milango iliyokatwa nusu, kila nusu ya juu ina kichwa cha farasi kinachungulia. Ndoo zimepangwa, kamba zimetundikwa kwenye misumari mikubwa, mabuti ya mpira yako ukutani mawili mawili, na kila kitu kinanuka majani makavu na jasho. Mbele kuna uwanja wa mviringo wenye ua wa mbao. Bosi wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu walio mbali, alikuwa anatembea huku na huko akitazama lango. Mlinzi alikuwa amemleta shemeji yake, ambaye alipomwona farasi kwa karibu alikumbuka ana kazi mahali. Wengine hawakutokea kabisa. Kwa hiyo yoga yote ya siku ile ikabaki juu ya mabega ya mama yangu.

Mwalimu wa yoga alikuwa msichana mwembamba, peku, anayeongea kama anayebembeleza mgonjwa. Alieleza utaratibu: farasi havai tandiko, anawekewa godoro jembamba na mkanda wenye vishikio, mtunza farasi atamwongoza kwa kamba mbele, na mtu mmoja atembee ubavuni ameshika mguu wa mwanafunzi asije akateleza. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nikatafuta pa kumweka mtoto, na bosi, kabla hajajua linalomtokea, akawa amempakata.

Farasi aliletwa. Ni mzee, wa kijivu, jina lake la pale ni Mheshimiwa, kwa sababu hatembei mpaka wengine wampishe na hakuna aliyewahi kumwona ana haraka. Baba alikuwa anamnong'oneza kitu njia nzima. Alipotuona akaacha.

Mama alimkabili farasi uso kwa uso. "Kumbe ndiye wewe," akasema. Akamzunguka, akimpima kwa macho kama anavyompima mteja asiyemwamini. "Kifua anacho. Kiuno hana. Hata gauni la kunyooka halimkai huyu." Alipofika kwenye godoro akashika ukingo wake kwa vidole viwili. "Nani kashona hii? Pindo limepigwa mara moja tu, limeshaanza kuachia."

"Limetoka nje ya nchi, mama," mwalimu akamwambia kwa upole.

"Na huko nako wana haraka."

Paliwekwa kigoda, baba akainamisha bega, mama akalikanyaga na kupanda. Hawakusemezana hata neno. Mama alipokaa sawa akatazama chini, macho yakamtoka. "Jamani! Mbona huku juu ni mbali!"

"Fumba macho," mwalimu akasema. "Vuta pumzi. Iachie. Msikilize farasi chini yako."

Hapo mambo yalikwenda vizuri. Mama alifumba macho, mikono juu ya mapaja, akapumua. Nilianza kufikiri labda mama yangu alizaliwa kwa ajili ya yoga na sisi tukampotezea muda.

"Sasa shika kitambaa hiki kwa mikono yote miwili, ukinyanyue juu polepole."

Mwalimu akampa mama kitambaa. Nadhani msomaji ameshaona kinachokuja. Mimi nilikihisi chini ya kiganja changu: ule mguu nilioushika ukaanza. Kisigino chini, vidole juu. Na kisigino cha mama, kwa jinsi alivyokaa, kilikuwa kinamgusa Mheshimiwa mbavuni, na Mheshimiwa katika ujana wake alifundishwa kwamba akiguswa mbavuni maana yake nenda.

Akaenda.

"Tunaanza tukiwa tumesimama," mwalimu akakumbusha.

"Mwambie yeye," mama akasema kutoka juu, mikono hewani.

Baba alimsimamisha farasi, akamtazama usoni kwa mshangao wa mtu aliyesalitiwa na rafiki. Mwalimu akamwomba mama atulize miguu. "Miguu imetulia," mama akajibu kwa heshima kabisa, na wakati huo huo ilikuwa inapiga mwendo wa mshono mrefu. Tukaendelea hivyo hivyo, farasi akitembea. Likaja zoezi la kujipinda kiuno: nyosha kitambaa, geuka kulia, geuka kushoto. Kwa mama kugeuza kitambaa ni kona ya mshono, na kwenye kona mama huongeza kasi. Mheshimiwa akachomoka kwa mwendo mfupi wa kuruka ruka. Baba akawa anakimbia mbele na mabuti yake ya mpira, kofia imeanguka, mimi nakimbia ubavuni nimening'inia mguuni kwa mama, mwalimu anakimbia nyuma akituambia kwa sauti ya kubembeleza kwamba tusisahau kupumua.

"Huyo farasi leo ana nini?" bosi aliita kutoka kwenye ua, mwanangu amemshika pua. "Hajawahi kukimbia tangu nimnunue!"

"Mmemlisha nini?" mama naye akauliza. Alikuwa ameshika vishikio vya mkanda kwa nguvu zake zote, na kwa sababu mikono ilikuwa imeshika kitu, miguu haikuwa na sababu ya kuacha.

Mheshimiwa alisimama mwenyewe alipochoka. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hata baba mabega yalikuwa yanatikisika, ingawa alikuwa ametupa mgongo akijifanya anaokota kofia. Mama peke yake hakuona cha kuchekesha. Alikuwa anaifunga vizuri kanga ya kichwani na kulalamika kwamba mnyama wa kazi anatakiwa awe na adabu.

Zoezi lililofuata lilikuwa la kuinama mbele na kumkumbatia farasi shingo. Mama akalala shingoni kwake. Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia akimwuliza sikioni, polepole, pasipo utani wowote, "Anakwambiaga nini huyu?"

Kicheko kikanikauka. Nilitamani farasi ajibu.

Zoezi la mwisho ni la kupumzika. Mwanafunzi anajilaza chali, kichwa kwenye matako ya farasi, miguu imening'inia huku na huku, macho yamefumbwa. Farasi anaongozwa taratibu kuzunguka uwanja, na watu wote wanaombwa kunyamaza. Mwalimu mwenyewe akaenda kukaa kwenye ua. Mama alijilaza kwa manung'uniko mengi. Vidole vyake havikujua pa kukaa, vikatafuta tafuta, vikakuta lile pindo la godoro lililoachia. Vikalishika na kuanza kulikunja, kulilainisha, kulikunja tena. Na miguu ikafuata, safari hii polepole, mwendo wa kazi ndogo ya jioni.

Mkanda wa farasi ulikuwa na pete ya chuma pembeni. Kisigino cha mama kilikuwa kinaigusa kila kikishuka. Tik, tik, tik, tik. Mheshimiwa akashika mwendo ule ule. Uwanja wote ulikuwa kimya ila huo mlio mmoja.

Baba alikuwa mbele, kamba mkononi, ametupa mgongo. Hakuwa anatuona. Niliona shingo yake inalegea, kichwa kinainama kidogo upande wa sikio la farasi, kama anavyoinamia kikombe. Naamini hakukusudia. Ule mlio ndio uliomponza. Akaanza kusema.

"Ndiyo kesho, Mheshimiwa. Kesho mwenye nyumba anaondoka. Na cherehani keshaifunga, umeelewa? Keshaifunga." Tik, tik, tik. "Mtoto kamfuata. Ana haki, ana mtoto mdogo. Mjukuu ni mjukuu, nitamzuiaje mtu na mjukuu wake? Nikamwambia ukiona vyema. Nikamwambia na nikatoka nje, maana ningekaa ningesema vingine." Tik, tik. "Ile nyumba sasa hivi huwezi kukaa. Jana nimelala mapema kama kuku. Mimi sijui kukaa na mtu mwingine, na sijui kukaa peke yangu. Asingeenda tu. Angebaki hapo hapo dirishani, hata asiniangalie, mimi nikae nyuma yake..."

Chini ya kiganja changu mguu ukasimama.

Nimeushika mguu huo tangu utoto wangu, nimelala kwenye unyayo wake, nimesukumwa nao wakati wa kujifunza kutambaa. Sikuwahi kuuhisi umetulia hivyo. Tik haikuja. Na Mheshimiwa, aliyekuwa anaendeshwa na miguu ile muda wote pasipo mtu kukubali, akasimama katikati ya uwanja.

"Twende, mzee," baba akamwambia, akivuta kamba. Farasi hakusogea. Baba akageuka. Alimtazama Mheshimiwa, akanitazama mimi, kisha macho yake yakashuka kwenye mguu wa mama, ndani ya suruali yake mwenyewe, umening'inia umetulia. Mlio huo wa kunyamaza baba anaufahamu kuliko mtu yeyote duniani. Uso ukambadilika.

Mama alikuwa bado amelala chali, macho amefumba, uso juu.

"Umesema?" akauliza.

Niliona mdomo wa baba ukijipanga kwa lile neno lake. Midomo ilikuwa imeshaanza. Nilitaka kumpiga teke. Nami ndiye niliyekuja na safari ya maili zote zile kumchukua mama, chumba nimekipaka rangi, lakini pale nilimwombea baba aseme kama ninavyomwombea mwanangu aache kulia.

Baba akaiachia kamba. Akavua kofia.

"Nimesema usiende!"

Alilisema kwa nguvu, maana hajui kipimo. Vichwa vyote vya farasi vikatokeza milangoni, na mwanangu akashtuka mikononi mwa bosi akaanza kulia. Mama hakufungua macho.

"Sijasikia vizuri," akasema. "Kuna kelele."

"Kelele gani, mama watoto? Si mashine umeifunga!"

"Rudia."

"Usiende," baba akasema, safari hii kawaida, kama anaongea na mtu.

Mama akashusha pumzi ndefu, ile ambayo mwalimu alikuwa anaiomba tangu asubuhi. "Haya," akasema. "Endelea kunitembeza basi, nimelipiwa." Pindo likakunjwa, kisigino kikashuka, na Mheshimiwa akaondoka bila kuambiwa na mtu mwingine.

Najua mnataka kujua kama nilipata mlezi. Nilipata, lakini wa kutembea tu, kwa mujibu wa sheria ya mama. Jioni ile baba alifungua kamba zote, akaibeba cherehani peke yake, akakataa kusaidiwa, akaiweka juu ya alama zake nne. Jumapili mama alipanda gari nami akiwa na begi dogo na blanketi langu, na kila aliyekuwa stendi aliona hana cherehani. Wenzangu, nilifurahi na nilikasirika kwa pamoja. Nilikuwa nimemkosa mama kwa sababu ya mzee aliyemchelewesha neno moja miaka yote hii, na neno lenyewe likaja kutokea siku nilipokuwepo mimi.

Jioni ya kwanza nyumbani kwangu simu ikalia. Mama alikuwa amempakata mwanangu, miguu inakwenda, mtoto anatikisika. Nikaiweka simu mezani, sauti wazi. Ilikuwa baba. Nyuma yake palikuwa na kelele ninazozijua.

"Nani anashona hapo?" mama akauliza, amekunja uso.

"Mimi."

"Wewe! Utaniharibia mashine! Sindano utaivunja!"

"Sindano nimeitoa. Nakanyaga tu." Ikasikika ikikwama, ikirudi nyuma, ikikwama tena, kisha ikashika mwendo. Baba akakohoa. "Sasa sikiliza," akasema, na akaanza kuongea. Alianza na dari la chumbani.

Mwanangu aliacha kutikisika, akainua kichwa kumtazama bibi yake. Mama alikuwa ametulia kabisa, mikono imejaa mtoto, miguu yote miwili imekaa sakafuni.